Kuandika draiva huria ya kadi ya Wi-Fi ya USB kwenye Linux

Mwongozo huu ni wa mtu anayeimudu C, aliyewahi kukompaili kerneli walau mara moja, na mwenye adapta ya Wi-Fi ya USB ambayo Linux haiitambui, au inaitambua lakini mtandao unakatika kila mara. Mfano tutakaoutumia ni chipu za Realtek za 802.11n (kizazi kimojawapo cha kiwango cha Wi-Fi, 802.11) zinazoendeshwa na draiva ya rtl8xxxu. Adapta zake ni za bei nafuu na zinapatikana kirahisi, na msimbo wa draiva umo ndani ya kerneli, wazi kwa yeyote kuusoma. Chipu za kampuni nyingine zina anwani tofauti za rejista (vijisanduku vya ndani ya chipu ambavyo draiva husoma na kuandika ili kuiendesha), ila mpangilio wa kazi ni uleule.

Shika jambo moja tangu sasa: ifundishe kadi kusikia kabla ya kuifundisha kusema. Upokeaji unaonekana kwa macho, baiti kwa baiti. Utumaji ukikosea kadi hunyamaza tu, nawe huna pa kushika. Wengi wanaokwama kwenye ujumbe wa "authentication timed out" walianza kutuma kabla ya kuhakikisha wanapokea sawasawa.

1. Hakikisha kwamba draiva haipo

Chomeka adapta, kisha andika `lsusb`. Jina lililochapishwa kwenye boksi lisikudanganye. Watengenezaji hubadilisha chipu ndani ya modeli ileile, toleo la kwanza likawa na chipu ya kampuni moja na toleo la tatu likawa na ya kampuni nyingine. Kinachosema kweli ni namba mbili za utambulisho. `0cf3:9271` ni AR9271, inayoendeshwa na ath9k_htc. `148f:5370` ni RT5370, kazi ya rt2800usb. `0bda:8179` ni RTL8188EUS, kazi ya rtl8xxxu.

Ukiona `0bda:1a2b`, hiyo bado si kadi ya mtandao. Adapta imejitokeza kama diski ya CD yenye draiva za Windows, na inabidi igeuzwe kwa `usb_modeswitch` ndipo namba ya kweli ionekane.

Tafuta namba hiyo ndani ya msimbo wa kerneli:

```
grep -rni 0x8179 drivers/net/wireless/
```

Mara nyingi utakuta chipu inajulikana tayari, ila namba ya adapta yako haijaorodheshwa. Hapo hakuna draiva ya kuandika. Jaribu bila kukompaili chochote:

```
echo "0bda abcd 0 0bda 8179" > /sys/bus/usb/drivers/rtl8xxxu/new_id
```

Weka namba yako mahali pa `abcd`. Namba mbili za mwisho ni za adapta inayofahamika yenye chipu ileile, na usiziache. rtl8xxxu huchukua maelezo ya chipu kutoka kwenye jedwali la namba zake. Bila kuelekezwa kwenye adapta ya mfano itapokea anwani tupu na kerneli itaanguka. Kadi ikifanya kazi, kiraka chako (badiliko la msimbo unalowatumia watunzaji wa kerneli) ni cha mistari miwili mitatu, na kitawafaa wengi wenye adapta kama yako.

2. Jua kadi yako ni ya aina gani

Kuna kadi ambazo programu yake ya ndani hufanya karibu kila kitu: kutafuta mitandao, kujiunga, kusimba data. Hizi huitwa fullMAC, na draiva zake, kama brcmfmac na mwifiex, huongea moja kwa moja na cfg80211, sehemu ya kerneli inayosimamia mipangilio ya Wi-Fi. Na kuna softMAC, ambazo hupeleka na kupokea fremu (pakiti) za 802.11 zikiwa ghafi na kuiachia kompyuta kazi ya kujiunga na mtandao. Hizi hukaa chini ya mac80211, sehemu ya kerneli inayofanya kazi hiyo, iliyoingia kwenye Linux 2.6.22 mwaka 2007. Rekodi za USB zitakuonyesha tofauti. Ukiona jina la mtandao likipelekwa kwenye kadi ndani ya amri ya "jiunge", ni fullMAC. Ukiona fremu nzima za 802.11, kuanzia vichwa vyake, ni softMAC. Kuanzia hapa tunazungumzia softMAC.

3. Maarifa utayapata wapi, na kwa njia gani

Vyanzo ni vitatu: nyaraka za chipu, msimbo wa mtengenezaji uliotolewa kwa leseni ya GPL, na kuichunguza draiva iliyofungwa ikiwa kazini. Msimbo wa mtengenezaji wenye leseni ya GPL unaweza kuusoma na kuutumia, mradi uhifadhi leseni na majina ya wenye hakimiliki. Kabla ya kuufungua, soma mistari ya juu ya kila faili. Zipo faili zinazoandikwa "siri ya kampuni" katikati ya mradi unaodaiwa kuwa huria, na hizo ziache.

Kwa draiva iliyofungwa kabisa, mfano wa kufuata ni wa watu waliozifanyia kazi chipu za Broadcom. Waligawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza liliichambua draiva ya kampuni na kuandika maelezo kwa maneno: rejista hii inafanya nini, mfuatano ni upi. Kundi la pili halikuigusa draiva hiyo. Liliandika msimbo kwa kusoma maelezo peke yake. Matokeo yake, bcm43xx, yaliingia kwenye Linux 2.6.17 mwaka 2006, na mrithi wake b43 kwenye 2.6.24 mwaka 2008. Kama umekwisha kuuona msimbo uliofumuliwa wa draiva ya kampuni, wewe ni kundi la kwanza. Mwandishi wa draiva awe mtu mwingine. Utaratibu huu unachosha, lakini ndio unaozuia kazi ya miaka miwili isije ikatupwa kwa sababu ya madai ya hakimiliki.

4. Andaa mahali pa kazi

Unahitaji kompyuta mbili. Moja ni ya kuvunjika, nyingine ya kuandikia na kupokea ujumbe wa kerneli inapoanguka, kupitia kebo ya Ethernet na `netconsole`. Ongeza adapta ya pili ya Wi-Fi inayokubali hali ya monita, yaani kusikiliza kila fremu inayopita hewani (AR9271 inafaa sana), na ruta ambayo una ruhusa ya kubadilisha mipangilio yake.

Kwenye Debian au Ubuntu sakinisha `build-essential flex bison bc libssl-dev libelf-dev libncurses-dev`, pamoja na `iw`, `tcpdump`, `wireshark` na `iperf3`. Chukua mti wa `wireless-next`, yaani msimbo wa kerneli wenye kazi mpya za Wi-Fi, kutoka git.kernel.org. Kama unalipia bando kwa gigabaiti, tumia `git clone --filter=blob:none`. Historia ya mabadiliko utaipata yote, huku yaliyomo ya faili za zamani yakishushwa pale tu unapoyahitaji. `--depth 1` ni nafuu zaidi, lakini inakunyima historia, na historia ya draiva jirani ni mwalimu mkubwa.

Kwenye mipangilio ya kerneli washa `CONFIG_KASAN`, `CONFIG_PROVE_LOCKING`, `CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP` na `CONFIG_MAC80211_DEBUGFS`. Kompyuta itakuwa nzito, lakini makosa ya kumbukumbu yatakamatwa siku yanapotokea. Baada ya kujenga kerneli mara moja, moduli yako utaijenga peke yake kwa `make M=drivers/net/wireless/...`, kazi ya sekunde chache.

5. Rekodi draiva iliyopo ikiwa kazini

Kama draiva ya mtengenezaji ni ya Windows peke yake, endesha Windows ndani ya QEMU (programu ya kompyuta pepe) na uipe adapta:

```
-device qemu-xhci -device usb-host,vendorid=0x0bda,productid=0x8179
```

Kwenye Linux iliyo chini yake, nasa kila kinachopita:

```
modprobe usbmon
tcpdump -i usbmon1 -s 0 -w chaneli.pcap
```

Namba iliyo baada ya `usbmon` ni ile ya "Bus" inayoonyeshwa na `lsusb`. Usirekodi nusu saa nzima ukitumaini kupata maana baadaye. Fanya tendo moja, rekodi moja: kuchomeka tu, kuwasha tu, kubadilisha chaneli tu.

Kwa Realtek, kusoma na kuandika rejista ni ujumbe wa udhibiti wa USB wenye ombi namba 0x05. Baiti nane za kuandika zinaonekana hivi:

```
40 05 08 06 00 00 04 00
```

`40` ni kuandika (`c0` ingekuwa kusoma), `05` ni ombi, `08 06` ni anwani 0x0608 kwa sababu baiti ndogo hutangulia, na `04 00` ni urefu wa data, baiti 4. Kwenye Wireshark chuja kwa `usb.setup.bRequest == 5`, na utabaki na orodha ya rejista tupu.

Sasa hamisha kadi kutoka chaneli 1 kwenda 6, kisha 11, ulinganishe rekodi tatu. Kati ya maandishi mengi utaona anwani 0x0840 ikipokea thamani zinazoanza na 0x018, na mwisho wake unabadilika: 01, 06, 0b. Hiyo ndiyo chaneli. Anwani 0x0840 ni dirisha la kuingilia rejista za redio: biti za juu zinabeba namba ya rejista ya redio, yaani 0x18, na biti 20 za chini zinabeba data. Mbinu hii ya kubadilisha kitu kimoja na kutazama kilichobadilika ndiyo itakayokupatia sehemu kubwa ya ramani ya chipu.

Kwa kadi za PCI ambazo draiva yake iliyofungwa ipo kwenye Linux, kazi hiyo hufanywa na `mmiotrace`. Inaendeshwa kwenye x86 na huzima vichakataji vyote isipokuwa kimoja wakati wa kurekodi, kwa hiyo usishangae kompyuta ikipunguza mwendo.

6. Kusoma rejista ya kwanza

Draiva ya kwanza isifanye lolote zaidi ya kusoma.

```c
static int xw_read32(struct xw_priv *p, u16 addr, u32 *val)
{
	int ret;

	mutex_lock(&p->usb_lock);
	ret = usb_control_msg(p->udev, usb_rcvctrlpipe(p->udev, 0),
			      0x05, 0xc0, addr, 0, p->buf, 4, 500);
	if (ret == 4)
		*val = le32_to_cpup((__le32 *)p->buf);
	mutex_unlock(&p->usb_lock);

	if (ret == 4)
		return 0;
	return ret < 0 ? ret : -EIO;
}
```

`p->buf` lazima iwe imetoka kwa `kmalloc`. Ukiweka kigezo cha ndani ya funksheni, kerneli itakuonya "transfer buffer is on stack" na usomaji utashindikana, kwa kuwa steki ya kerneli za sasa haifai kwa DMA (maunzi kusoma na kuandika kumbukumbu moja kwa moja). Wala usisahau `le32_to_cpup`. Kwenye kompyuta ya x86 kosa hilo halionekani kabisa. Litajitokeza siku mtu atakapochomeka adapta kwenye ruta ya MIPS inayotanguliza baiti kubwa. Endesha `make C=2` na sparse, kikaguzi cha msimbo wa kerneli, itakuonyesha kila mahali ulipochanganya.

Soma 0x00f0, yenye taarifa za toleo la chipu. Ukipata 0xffffffff au sifuri tupu, kadi haijaamka. Ukipata thamani ileile kila mara, endelea kwenye efuse, kumbukumbu ndogo ndani ya chipu yenye anwani ya MAC na vipimo vya nguvu ya redio vilivyowekwa kiwandani. Ukiipanga sawasawa, baiti zake mbili za kwanza ni `29 81`. Usipoziona, simama hapohapo. Ukiendelea na efuse uliyoisoma vibaya, kadi itarusha mawimbi kwa nguvu isiyo yake.

7. Pakia programu dhibiti

Chipu hizi zina kichakataji kidogo cha 8051 kinachohitaji programu yake kila kadi inapowashwa. Faili hupatikana kwa `request_firmware()` kutoka `/lib/firmware/rtlwifi/`. Baiti 32 za mwanzo ni kichwa chenye toleo na tarehe. Hizo hazipelekwi kwenye kadi. Kinachobaki huandikwa kuanzia anwani 0x1000, ukurasa mmoja wa baiti 4096 kwa zamu, na namba ya ukurasa huwekwa kwenye biti tatu za chini za 0x0082.

Rejista ya 0x0080 ndiyo inayosimamia kazi yote. Washa biti 0 kuruhusu upakiaji, andika kurasa, zima biti 0, kisha subiri biti 2 ithibitishe cheksamu. Hapo washa biti 1, zima biti 6, na usubiri kadi yenyewe iiwashe biti 6 kuonyesha kwamba programu imeanza.

Kuna kosa moja lenye dalili ya ajabu: draiva inafanya kazi mara ya kwanza baada ya kuchomeka, lakini baada ya `rmmod` na `insmod` inakataa. Sababu ni kwamba programu ya awali bado inaendeshwa ndani ya kadi. Kabla ya kupakia, soma 0x0080. Biti 7 ikiwa imewaka, andika sifuri na uianzishe upya 8051.

8. Majedwali ya kuanzishia

Hapa kuna mamia ya jozi za anwani na thamani, na hakuna njia ya mkato. Yapange kama yalivyo kwenye chanzo chako, bila kubadilisha mfuatano. Tahadhari ni moja: kwenye majedwali ya redio, anwani 0xfe, 0xfd, 0xfc, 0xfb, 0xfa na 0xf9 si rejista. Ni amri za kusubiri: milisekunde 50, 5 na 1, kisha mikrosekunde 50, 5 na 1. Anayeziandika kama rejista hupata redio inayoonekana nzima lakini haisikii kitu.

9. Jisajili kwa mac80211

```c
static const struct ieee80211_ops xw_ops = {
	.add_chanctx		= ieee80211_emulate_add_chanctx,
	.remove_chanctx		= ieee80211_emulate_remove_chanctx,
	.change_chanctx		= ieee80211_emulate_change_chanctx,
	.switch_vif_chanctx	= ieee80211_emulate_switch_vif_chanctx,
	.wake_tx_queue		= ieee80211_handle_wake_tx_queue,
	.tx			= xw_tx,
	.start			= xw_start,
	.stop			= xw_stop,
	.config			= xw_config,
	.add_interface		= xw_add_interface,
	.remove_interface	= xw_remove_interface,
	.configure_filter	= xw_configure_filter,
	.bss_info_changed	= xw_bss_info_changed,
};
```

Ukiacha mojawapo ya zile za lazima, `ieee80211_alloc_hw()` hurudisha NULL pamoja na onyo. Vigezo vya funksheni hizi hubadilika kati ya matoleo ya kerneli, kwa hiyo nakili muundo kutoka kwenye mti ulionao; makala za zamani zitakupotosha.

Kwa mwanzo tangaza `NL80211_IFTYPE_STATION` peke yake. Kasi za data huandikwa kwa vipimo vya kilobiti 100: Mbps 1 ni `10`, Mbps 5.5 ni `55`. Chaneli huandikwa kwa MHz: 1 ni 2412, 13 ni 2472. Ndani ya `configure_filter` futa kutoka `total_flags` kila kisichowezekana kwenye kadi yako, la sivyo mac80211 itaamini kwamba umekubali yote.

10. Kupokea

Weka maombi ya kupokea, yaani URB, 32 yakiwa yanasubiri muda wote. Kila data inayofika huanza na deskripta (kichwa chenye maelezo ya kadi kuhusu fremu) ya baiti 24 kwa chipu za kizazi cha kwanza. Ndani yake mna urefu wa fremu, na pia ukubwa wa taarifa za ziada uliohesabiwa kwa vipande vya baiti 8. Ruka deskripta, ruka taarifa za ziada, ndipo fremu yenyewe inapoanza.

Chapisha baiti 16 za kwanza. Ukiwa karibu na ruta yoyote, baada ya muda mfupi utaona hizi:

```
80 00 00 00 ff ff ff ff ff ff ...
```

Hiyo ni bikoni: `80 00` ni aina ya fremu, na `ff` sita ni anwani ya "wote". Ukiona mfuatano huo umesogea baiti 8 mbele, umesahau kipande kimoja cha taarifa za ziada. Usipouona kabisa, rudi kwenye rejista ya upokeaji, 0x0608, na kwenye majedwali ya redio.

Kabla ya kuikabidhi fremu kwa `ieee80211_rx_irqsafe()`, jaza `freq`, `band`, `signal` na `rate_idx`. Ukiacha `freq`, bikoni zitapokelewa na kutupwa kimya, na orodha ya mitandao itabaki tupu. Kama kadi inaacha baiti 4 za FCS (cheksamu ya fremu) mwishoni, tangaza `RX_INCLUDES_FCS`, au zikate mwenyewe.

Jaribio lake ni hili:

```
ip link set wlan0 up
iw dev wlan0 scan passive
```

Utafutaji wa aina hii hautumi hata fremu moja. Linganisha matokeo na adapta yako ya pili. Mitandao ileile ionekane, na nguvu ya mawimbi iwe ya kuaminika: −40 dBm karibu na ruta, −80 chumba cha mbali. Ukiona namba chanya, umesahau alama ya kutoa.

Kosa la −71 likimiminika kwenye kumbukumbu, angalia umeme kabla ya msimbo. Porti ya USB 2.0 hutoa mA 500, na habu isiyo na umeme wake mwenyewe inazigawa kwa wote. URB ikirudi na −2, −19 au −108, kifaa kinaondoka au unakisimamisha wewe. Usiirudishe kwenye foleni.

11. Kutuma

Funksheni ya `tx` huitwa mahali pasiporuhusu kulala. Usisome rejista humo, wala usishike mutex. Kusanya fremu, iweke kwenye URB na uondoke. Tenga nafasi ya deskripta kwa `hw->extra_tx_headroom`, baiti 32 kwa chipu za mwanzo na 40 kwa baadhi ya zilizofuata. Deskripta ina cheksamu ya biti 16: XOR ya maneno 16 yanayounda baiti zake 32 za kwanza. Sehemu ya cheksamu imo katikati ya maneno hayohayo, kwa hiyo ifanye sifuri kabla ya kuhesabu.

Fremu uliyopewa ni mali yako. Irudishe kwa `ieee80211_tx_status_irqsafe()` ikishatumwa, au `ieee80211_free_txskb()` ikishindikana. Usipofanya hivyo kumbukumbu itavuja hadi kompyuta ijae.

Sasa weka adapta ya pili kwenye hali ya monita, chaneli ya ruta yako, ujaribu kujiunga na mtandao usio na nywila. Yapo mambo matatu unayoweza kuyaona:

Kwanza, ombi lako halionekani hewani. Kagua cheksamu, endipointi uliyoitumia, na kama redio imeruhusiwa kutuma.

Pili, ombi linaonekana lakini ruta haijibu. Soma anwani na namba za mfuatano ndani ya fremu. Pengine mpangilio wa baiti umeharibika baada ya kichwa.

Tatu, na hili ndilo linalowachanganya wengi: ruta inajibu, tena na tena, kila jibu likiwa na alama ya "Retry". Maana yake kadi yako haijibu kwa ACK, fremu fupi ya kuthibitisha upokeaji. ACK lazima itoke mikrosekunde 10 baada ya fremu kuisha, muda ambao kerneli haiwezi kuuwahi, kwa hiyo maunzi hufanya yenyewe, na hufanya hivyo tu kwa fremu zinazobeba anwani iliyoandikwa kwenye rejista ya 0x0610. Ukisahau kuiandika ndani ya `add_interface`, kadi inasikia kila kitu lakini haijui kwamba inaitwa. Vivyo hivyo, andika BSSID (anwani ya ruta) kwenye 0x0618 mac80211 inapokuarifu.

Kadi ikijiunga lakini ikakatika ukisogea mita chache, mara nyingi kilichorukwa ni usawazishaji wa IQ, hatua ambayo chipu hujipima na kurekebisha kasoro za njia yake ya redio. Fremu za Mbps 1 hupita hata bila usawazishaji huo; za kasi kubwa hazipiti.

12. Usimbaji, kasi na nguvu ya mawimbi

Kwa WPA2 usiandike `set_key` kwanza. mac80211 itasimba kwa kichakataji cha kompyuta, na utaunganishwa salama. Usimbaji wa maunzi uongeze baadaye, ukijua kwamba kila kitu kingine ni kizima.

Bila A-MPDU, yaani kuunganisha fremu nyingi zitumwe kwa pamoja, kasi itabaki karibu na ile ya 802.11g, Mbps 20 na kitu, hata kama kadi imeandikwa 150. Hiyo ni kazi ya `ampdu_action`. Kuhusu kuchagua kasi, usiripoti `IEEE80211_TX_STAT_ACK` kama hujui kwa hakika kwamba fremu ilifika. Minstrel, sehemu ya mac80211 inayochagua kasi, itaamini kila kitu kimepita, itapanda hadi kasi ya juu kabisa na kubaki huko huku fremu zikipotea.

Nguvu ya kutuma itoke kwenye efuse, na mipaka yake itoke kwenye hifadhidata ya kanuni ya kerneli (`iw reg set TZ`, au `KE`). Usiweke namba zako mwenyewe ndani ya msimbo. Masafa yanasimamiwa kisheria, Tanzania na TCRA, Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano. Wakati redio haijasawazishwa, kama adapta ina antena ya kufungua, iunganishe kwa kebo na kipunguza mawimbi cha dB 30 badala ya kurusha hewani.

13. Ivunje kabla wengine hawajaivunja

Endesha `iperf3` na uichomoe adapta katikati. Rudia mara hamsini, KASAN ikiwa imewashwa. Kosa la kawaida ni mfuatano wa kuondoka: `ieee80211_unregister_hw()` itangulie, kisha ua URB zote, ndipo `ieee80211_free_hw()`. Ukipindua, URB iliyochelewa itaandika kwenye kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa. Kisha lalisha kompyuta kwa `rtcwake -m mem -s 20` na uone kama mtandao unarudi. Acha kadi ikiunganishwa usiku kucha. Ufunguo wa kundi ukibadilishwa na ruta ndipo kasoro za usimbaji hujitokeza.

14. Peleka viraka

Kichwa cha kiraka huanza na `wifi:`, kwa mfano `wifi: rtl8xxxu: Add support for ...`. Pitisha `scripts/checkpatch.pl --strict`, pata majina ya wahusika kwa `scripts/get_maintainer.pl`, weka `Signed-off-by` yako, na utume kwa `git send-email` kwenye orodha ya linux-wireless, maandishi matupu, bila kiambatisho. Kila faili iwe na mstari wa SPDX wa leseni.

Draiva mpya kabisa hutumwa faili moja kwa kila kiraka, ili wakaguzi wasome vizuri, na huunganishwa kuwa badiliko moja wakati wa kukubaliwa. Programu dhibiti iwe imepelekwa linux-firmware, hazina ya programu dhibiti za Linux, pamoja na mistari yake ndani ya faili la `WHENCE` inayoeleza chanzo na ruhusa ya kusambaza. Kama ruhusa hiyo haipo, tatizo ni lile lililowakuta watu wa b43: ilibidi waandike `b43-fwcutter`, programu ya kumsaidia mtumiaji aichomoe mwenyewe kutoka kwenye draiva ya kampuni.

Ukipata maoni, jibu chini ya kila hoja, rekebisha, na utume mfululizo wote upya ukiwa na alama `v2` na maelezo ya kilichobadilika chini ya mstari wa `---`. Kosa likigunduliwa baada ya kukubaliwa, kiraka cha kulitengeneza kiwe na mstari wa `Fixes:` unaotaja badiliko lililolileta, ili watunzaji wa kerneli za muda mrefu wajue wakirudishe hadi toleo lipi.